Bwana afya wa Unguja aliyetuachia Bwana Msa

Wiki chache zilizopita msikilizaji mmoja wa hapa Ipagala, kijana wa bodaboda, alinitumia ujumbe wa sauti. Usiku akishaegesha pikipiki huwa anaandika hadithi ya mauaji kwenye simu yake, na alikuwa na maswali mawili. La kwanza, je, ni lazima mpelelezi wake awe mtu wa jiji kubwa, mwenye bastola na gari la bei mbaya, wakati yeye mwandishi hajawahi kuvuka Morogoro? La pili, akimaliza, watu watajuaje kwamba hadithi hiyo ipo? Nilimjibu hewani kwa sentensi mbili kwa sababu muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, nikaahidi kuandika hapa kwa kirefu.

Jibu langu ni maisha ya Muhammed Said Abdulla. Wapo kati yenu mliosoma vitabu vyake shuleni na jina lake mkalisahau, lakini Bwana Msa hamjamsahau.

Alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Upande ule wa kisiwa una mawe mengi na udongo haba, na watu wake ni wavuvi na wakulima ambao mila zao wamezishika kwa mikono miwili. Hadi leo, kila mwezi Julai, Makunduchi ndipo inapofanyika sherehe ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kumaliza vinyongo vya mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa moto, kisha watu hula pamoja.

Hapo kuna neno moja la kulielewa kabla hatujaendelea, nalo ni mzimu. Huku bara wengi wetu tukisema mzimu tunafikiria roho ya marehemu inayozunguka usiku. Kwa watu wa Unguja mzimu ni mahali pia. Unaweza kuwa pango, mti mkubwa, au magofu ya watu wa zamani, mahali ambapo watu hupeleka ubani, chakula na vitambaa, wakaeleza shida zao. Ukipita hapo unapita kwa adabu, hucheki ovyo, hukati kuni. Sisi wa nyanda za kati hatuwezi kushangaa sana. Tunayo mibuyu ambayo mtu mzima na akili zake hawezi kukaa chini yake saa sita usiku, na ukimuuliza sababu anakwambia usiku kuna baridi.

Mtoto aliyezaliwa katika nchi ya namna hiyo ndiye aliyekuja kuandika riwaya ya kwanza ya upelelezi iliyojulikana kwa Kiswahili, na jina lake akaliita Mzimu wa Watu wa Kale. Lakini kabla ya kufika huko alipita kwenye kazi ambayo wengi wakisimulia habari zake wanaitaja kwa mstari mmoja tu. Mimi nataka tukae nayo kidogo.

Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 20, alimaliza masomo akaajiriwa katika idara ya afya kama mkaguzi. Unguja wakati huo ilikuwa chini ya Sultani, Seyyid Khalifa bin Harub, na juu ya Sultani walikuwapo Waingereza. Mkaguzi wa afya kwa lugha yetu ya vijijini ni bwana afya. Mnamjua. Ndiye anayekuja bila kuagana na mtu, akaomba kuonyeshwa choo, akachungulia kisima, akafunua pipa la maji kutafuta viluwiluwi vya mbu, akauliza nyama hii imechinjwa lini na nani ameipiga muhuri.

Fikirieni maana ya kazi hiyo kwa mtu mwenye akili ya kutunga hadithi. Mgeni wa kawaida anakaribishwa barazani, anapewa kiti na kikombe cha kahawa, anaonyeshwa ule upande wa nyumba uliofagiliwa. Bwana afya anaingia hadi uani. Anaona kilichofunikwa kwa gunia. Anajua nyumba ya tajiri fulani ina shimo la choo lililofurika, na nyumba ya maskini fulani ina ua msafi kama msikiti. Anauliza swali fupi, kisha anamtazama mjibuji usoni na mikononi, maana amezoea kwamba mdomo unasema maji yanachemshwa wakati jiko halina majivu.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Bwana afya hana ruhusa ya kuishia kwenye uvumi. Watu watatu wa nyumba moja wakiharisha usiku mmoja, majirani wanaweza kusema kuna mkono wa mtu. Wanaweza hata kumtaja huyo mtu. Yeye anatakiwa aulize walikula nini, walichota maji wapi, nani hakula na hakuugua. Anafuata maji hadi kwenye chanzo chake. Alipokuja kumtunga mpelelezi, Abdulla alimpa njia hiyo hiyo.

Hakuwa peke yake duniani katika hilo. Arthur Conan Doyle, Mwingereza aliyemtunga mpelelezi maarufu Sherlock Holmes mwaka 1887, alikuwa daktari. Holmes alimtoa kwa mwalimu wake wa udaktari huko Edinburgh, Joseph Bell, ambaye alikuwa akimtazama mgonjwa anavyoingia mlangoni na kutambua kazi yake kabla hajafungua kinywa. Agatha Christie, mwanamke aliyeuza riwaya za mauaji kuliko karibu mtu yeyote, alifanya kazi kwenye chumba cha dawa hospitalini wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Alijua sumu kwa kuzipima, na sumu ndizo zilizojaa kwenye vitabu vyake. Daktari wa Uingereza, mama wa chumba cha dawa na bwana afya wa Unguja, wote waliandika juu ya kile mikono yao ilichozoea kushika. Hilo ni nusu ya jibu la swali la kwanza la kijana wetu.

Abdulla alikaa katika idara ya afya miaka 10. Mwaka 1948 aliacha kazi ya serikali akaingia kwenye magazeti, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Kuacha mshahara wa serikali kwa ajili ya gazeti, wakati ule au sasa, si uamuzi ambao mzazi angeushangilia. Nasema hivyo kwa kujua, maana nami nilipoacha kazi ya dukani nikaenda kusomea cheti cha utangazaji, nyumbani kulikuwa kimya kama msibani kwa siku mbili.

Mwaka ule wa 1948 Unguja ilikuwa na moto wa aina yake. Wafanyakazi wa bandari waligoma na mgomo ukasambaa mjini. Siasa zilikuwa zinaanza kugawanya watu, na kila upande ulitaka gazeti lake. Katika miaka 10 iliyofuata Abdulla alifanya kazi pia kama mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Al Falaq lilikuwa gazeti la chama cha Waarabu, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwafikisha mahakamani watu wa chama hicho kwa uchochezi kwa sababu ya mambo yaliyochapishwa humo. Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika. Mtu aliyepita katika meza za magazeti yanayotazamana kwa jicho la chuki amesikia kisa kimoja kikisimuliwa mara mbili, kila mara kwa ukweli wake. Katika riwaya zake karibu kila shahidi ana sababu ya kusema anachosema, na Bwana Msa hamwamini mtu kwa sababu ya kanzu yake, hamdharau mtu kwa sababu ya viraka vyake.

Sasa tufike kwenye kitabu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na shirika la vitabu lililohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likiitwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Kazi yake ilikuwa kutafuta waandishi, kuchapisha vitabu vya lugha za huku, na kuvifikisha kwa watu kwa masanduku ya maktaba na kwa posta, kwa kuwa maduka ya vitabu yalikuwa machache. Shirika hilo lilitangaza shindano la kuandika hadithi za Kiswahili kwa mwaka 1957 na 1958. Abdulla alikuwa anakaribia miaka 40. Alikuwa hana riwaya hata moja iliyochapishwa. Alipeleka Mzimu wa Watu wa Kale, ikachukua zawadi ya kwanza, na mwaka 1960 ikatoka kama kitabu.

Kisa chake sitakimaliza hapa, maana wengine mtaenda kukitafuta. Mtu mwenye jina lake anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanapaogopa. Kwa wengi kesi imekwisha palepale, mzimu umekasirika. Ndipo anaingia Bwana Msa. Si askari. Polisi yupo, Inspekta Seif, mwenye cheo na mamlaka ya kukamata, lakini Bwana Msa ni raia tu, mtu wa kuvuta kiko na kufikiri, anayefuatana na rafiki yake Najum. Hana silaha ya kutisha mtu. Anauliza, anatazama, anarudi kwenye jambo ambalo wengine walilipita, na mwisho mkono ulioua unaonekana kuwa mkono wa binadamu, wenye sababu za kibinadamu.

Kiko, rafiki wa kuandamana naye, polisi anayeachwa nyuma kwa hoja: aliyesoma Sherlock Holmes ataona mara moja alama za Holmes, na wachambuzi wamelisema hilo miaka yote. Abdulla hakuzificha. Aliazima sanduku kutoka London, lakini vilivyomo ndani alivitoa kwao. Katika vitabu vyake watu huuana kwa sababu ya urithi wa mashamba, kwa siri za ndoa, kwa mtoto ambaye baba yake si yule anayetajwa, kwa aibu ya ukoo iliyofukiwa zamani ikaanza kunuka. Watu wake wanasalimiana kama watu wa Unguja, wanakaa barazani, wanafumbiana maneno. Hata lugha yake ni ile ya visiwani, tamu na yenye mizunguko, kiasi kwamba msomaji wa bara kuna mahali anasimama kuuliza neno.

Jina la mpelelezi nalo lina mchezo ndani yake. Chukua herufi za kwanza za Muhammed Said Abdulla, ziandike zikifuatana, usome.

Lakini ninachotaka mkione hasa ni kwamba aliamua kuuweka mwili wa marehemu kwenye mzimu. Angeweza kuuweka bandarini, au kwenye nyumba ya Mzungu, kama hadithi nyingi za kigeni. Aliuweka mahali pale ambapo watu wake walikuwa wamezoea kuacha kuuliza.

Na hilo, ndugu msikilizaji, bado ni jambo la kufa na kupona katika nchi yetu. Tumeripoti kwenye redio hii, na redio nyingine zimeripoti, habari za wazee, hasa bibi zetu, wanaouawa kwa kushukiwa uchawi. Kanda ya ziwa jambo hili limekuwa jeraha la miaka mingi, na mikoa mingine haijasalimika. Mtoto anakufa ghafla, ng'ombe wanakufa wanne kwa wiki, mganga anaulizwa, bibi mwenye macho mekundu anatajwa. Macho mekundu! Mama aliyepika miaka 50 kwenye jiko la kuni au la samadi, katika nyumba isiyo na dirisha, macho yake yatakuwa na rangi gani? Bwana afya yeyote anaweza kukueleza juu ya moshi. Mara nyingine tena upelelezi ukifanyika kwa utulivu, inaonekana bibi alikuwa na shamba, na kuna mtu alilitaka.

Sisemi kwamba Abdulla aliandika ili kupambana na mauaji hayo. Aliandika hadithi ya kufurahisha, ikamshika msomaji shingoni hadi ukurasa wa mwisho. Wala hakuwadharau wanaoamini mizimu. Alichofanya ni kumpa msomaji wa Kiswahili mtu ambaye mbele ya maiti, watu wote wakiwa wamekwisha kuelewana kuhusu shetani aliyehusika, anauliza nani alionekana njiani na nani atafaidika. Maswali hayo mawili yangeulizwa kwanza katika baadhi ya vijiji tunavyovijua, pangekuwa na bibi walio hai leo.

Baada ya zawadi ile hakupumzika kazini. Mwaka 1958 alikuwa amekabidhiwa uhariri wa jarida la Mkulima, jarida la kilimo, na hapo alikaa hadi alipostaafu mwaka 1968. Yaani katikati ya miaka hiyo 10 ulikuja mwaka 1960 na kitabu chake, likaja Januari 1964 na Mapinduzi, ukaja Aprili na Muungano, nchi ikabadilika jina, na yeye yuko kwenye jarida la wakulima. Mimi huyo mhariri wa Mkulima ndiye ninayemwonea wivu. Mkulima hana muda wa maneno ya kujionyesha. Ukimwandikia habari ya wadudu unamweleza mdudu anafananaje, anaingia lini, na afanye nini. Ukizungusha, anatumia jarida kufungia chumvi.

Kitabu chake cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka huo huo wa kustaafu, 1968, kikichapishwa na Evans wa London. Giningi ni mji wa wachawi katika simulizi za Zanzibar, mji usioonekana, hivyo unaona kwamba alirudi palepale kwenye hofu za watu wake. Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili ilipita miaka 8. Halafu tazama kilichotokea alipokuwa hana tena ofisi ya kwenda asubuhi: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Kila mwaka kitabu, miaka minne mfululizo, mzee wa zaidi ya miaka 55. Kosa la Bwana Msa kikafuata mwaka 1984, akiwa na miaka 66. Kijana wetu wa bodaboda anayelalamika kwamba usingizi unambana kabla hajamaliza sura ajihesabie mwenyewe muda alionao.

Sasa swali la pili, la kujulikana.

Siku zile hakukuwa na kurusha jalada la kitabu kwenye makundi ya simu. Shindano ndilo lililokuwa tarumbeta. Jina lililoshinda lilifahamika Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Unguja kwa wakati mmoja, na mchapishaji alikuwa na sababu ya kuwekeza fedha zake. Kisha vitabu viliingia mashuleni, na kwa mwandishi wa Kiswahili shule ndiyo soko ambalo halilali njaa. Watoto waliosoma Bwana Msa darasani walivipeleka nyumbani, kaka akasoma, mama akasomewa.

Lakini kuna mambo ambayo yalitoka mikononi mwake mwenyewe, na mtu wa magazeti huyajua. La kwanza ni majina ya vitabu. Mke Mmoja Waume Watatu: katika jamii ambayo hesabu hiyo imezoeleka ikiwa upande wa pili, mtu gani anapita mezani bila kukigeuza kitabu hicho aone nyuma kumeandikwa nini? Siri ya Sifuri: sifuri ina siri gani? Jina linauliza swali, na ili kupata jibu lazima utoe senti. La pili ni kumrudisha Bwana Msa kila mara. Aliyempenda kwenye kitabu cha kwanza alikuwa na rafiki anayemtafuta kwenye cha pili, na aliyeanzia cha nne alirudi nyuma kutafuta cha kwanza.

Njia hiyo wengine waliipita baadaye kwa kasi kubwa. Faraji Katalambula alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akaja na Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, jasusi wa ndege na bastola, mtu wa mahoteli. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango, na hakuishia kuandika, bali alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, akawa anajichapisha na kujiuzia mwenyewe. Vijana wa miaka ya 1980 walipenda mwendo huo wa risasi. Bwana Msa na kiko chake, na mazungumzo yake marefu, alianza kuonekana kama babu.

Na kusema ukweli, babu ana kasoro zake. Nimerudia kusoma vitabu viwili vyake kabla ya kuandika haya, na kuna mahali mambo yanakutana kwa bahati kiasi cha kumfanya msomaji atabasamu. Mtu aliyepotea miaka mingi anatokea siku anayohitajika, na ndugu wasiojuana wanakuta wako chumba kimoja. Kuna mahali Bwana Msa anaeleza ufumbuzi wake kurasa kwa kurasa huku wote wamekaa wakimsikiliza kama wako kwenye mawaidha. Mtangazaji wangu wa zamu akinipa maelezo marefu namna ile ninamkata nusu yake. Lakini ukifunga kitabu, kinachobaki kichwani ni ile njia ya kuuliza, na zile nyumba ambazo unahisi mwandishi aliwahi kuingia hadi uani kwake.

Alifariki mwaka 1991, miaka 73 baada ya kuzaliwa Makunduchi. Wakati huo redio binafsi zilikuwa bado hazijaanza kurusha matangazo hapa nchini, na jambo hili huwa linaniuma kidogo. Mtu aliyejua kumwacha msomaji njia panda mwishoni mwa sura angetengeneza mchezo wa redio ambao ungesimamisha watu kwenye vilabu vya pombe.

Kwa wanaouliza mahali pa kupata vitabu vyake: nakala za zamani huonekana kwa wauza vitabu wa chini, wale wanaotandika gunia pembeni mwa barabara, na mara nyingine kwenye maktaba za shule kongwe ambako mwalimu hajakubali vitupwe. Ulizeni Mzimu wa Watu wa Kale kwanza. Msitishike na neno gumu la kiunguja kwenye ukurasa wa tatu, linajieleza kufikia wa tano.

Kijana wa bodaboda nimemwelekeza aanze na kile alichonacho. Kwa siku moja anabeba mgonjwa, mwizi, mchungaji, na mwanamke anayelia ambaye hataki kusema anapelekwa wapi. Anajua nani anashuka nyumba ya pili badala ya ile aliyotaja. Mpelelezi gani wa jijini mwenye bastola anaona hayo? Amenitumia sura moja mpya, na ndani yake kuna abiria aliyesahau mfuko wa mahindi kwenye pikipiki, na mfuko ule ni mzito kuliko mahindi.

Nilimwazima pia nakala yangu ya Mzimu wa Watu wa Kale, ile isiyo na jalada. Aliahidi kuirudisha Jumamosi. Hii ni Jumamosi ya tatu.